Bipu Moja Kutoka Stoo ya Gerezani

Aliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita asinilaumu mimi. Amlaumu jirani aliyeliazima akaenda kufungia vitumbua. Nitakumbusha kwa kifupi tu, maana ya leo ni mazito na sina pumzi ya kurudia.

Mzee Abdulswamad, mtunza stoo wa duka la spea za pikipiki la Jayant pale Kariakoo, yuko mahabusu. Mzigo umepotea stoo mara tatu na kufuli halijaguswa. Funguo ni tatu tu: mmoja wa Jayant mwenyewe, mmoja wa mdogo wake Bhargav, na mmoja wa Mzee Abdulswamad. Basi polisi hawakujisumbua kufikiri. Tajiri hajiibii, bwana. Kamata mtunza stoo.

Maimuna, binti wa mzee huyo, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, akaapa kwamba atamkamata mwizi kwa macho yake. Hinal, binti wa Jayant, akaapa pamoja naye. Wasichana hawa wamekua kwenye ngazi za duka moja, wakigawana ubuyu na kugombana na kupatana kabla ya adhuhuri. Aliye na mali na asiye na mali, lakini ukimfinya mmoja analia mwenzake.

Tuliishia asubuhi ile Hinal alipochukua ufunguo wa Mzee Abdulswamad, uliokuwa ukining'inia dukani bila mwenyewe, akamwingiza Maimuna stoo kule mtaa wa Gerezani, akafunga kufuli kwa nje. Mwizi akija akute kila kitu kama alivyokiacha.

Ndiyo, alimfungia. Msinitolee macho. Haya yote nimeyapata kinywani mwa Hinal mwenyewe, na kila akifika hapo huomba maji ya kunywa.

Mpango wao ulikuwa wa bipu. Maimuna alikuwa na kitochi chake, kile kisimu cha vitufe, mfukoni. Bipu moja, kuna mtu ameingia. Bipu mbili, nimemwona sura, njoo na watu. Kulikuwa na sharti lingine ambalo hata hawakulitamka, maana mtoto wa Bongo halifundishwi: bipu ya alama haipigiwi. Ukibipiwa, unatulia.

Kumbe mkononi mwa Hinal kulikuwa na kitu kisichojua kutulia.

Mnakumbuka kwamba Hinal ni mtengeneza programu za simu. Baba yake, Jayant, huweka simu yake bila sauti mchana kutwa. Anasema mlio unampandisha presha. Matokeo yake wateja wa Songea na Kigoma wanabipu, hawapigiwi, wananuna, wanahamia duka la pili. Hinal akamtengenezea baba yake dawa.

"Simu ina hali tatu," alinieleza, akihesabu kwa vidole. "Imetulia, inaita, imepokelewa. Ikiita halafu ikatulia bila kupokelewa, basi hiyo ni bipu."

Programu yake inakaa nyuma, haionekani, inasikiliza hali hizo tu. Ikinusa bipu, inaikamata namba na kuipigia yenyewe, mwenye simu akiwa anafunga mzigo au anakunywa chai. Isipopokelewa, inarudia. Na kwa kuwa simu za siku hizi zina tabia ya kuua programu zinazojificha ili betri isiishe, Hinal aliiandika yake kwa namna kwamba ukiiua inafufuka. Wiki nzima alitamba nayo. Baba yake alimbusu kipajini mbele ya wateja.

Ya baba ndiyo ilikuwa ya kazi. Ya kwenye simu ya Hinal ilikuwa ya majaribio tu, na siku ya siku akasahau kuitoa.

*

Mchana ule duka lilikuwa limepoa kidogo. Jayant hakuja kazini. Alikuwa amelala nyumbani Upanga, presha imempanda, au ndivyo alivyosema asubuhi. Bhargav alitoka akisema anakwenda kula. Dukani wakabaki Hinal na Benedikta, dada wa mauzo.

Hinal alimwona ba'mdogo wake akivuka barabara, akajisemea moyoni: huyo, anaelekea Gerezani. Maana wao wawili, yeye na Maimuna, walishamhukumu Bhargav zamani. Mtu mwenye hasira za karibu, asiyependa kuulizwa, mwenye ufunguo. Angekuwa nani mwingine?

Simu ikaita juu ya kaunta. Maimuna. Ikakatika.

Bipu moja.

"Ameingia," Hinal akanong'ona.

"Nani ameingia?" akauliza Benedikta.

Hinal alikuwa akisubiri bipu ya pili, macho kwenye kioo cha simu, na kioo kikawaka. Haikuwa bipu. Ilikuwa simu yake yenyewe, peke yake, pale juu ya kaunta, hakuna mtu aliyeigusa, imeandika: Inapiga, Maimuna.

"Mungu wangu!"

Akaikata. Alikuwa ameelewa palepale, na nyinyi mmeelewa.

"Dada, unampigia nani mpaka unamwita Mungu?"

"Sipigi mimi! Inapiga yenyewe!"

Maimuna si mjinga, alizima mlio. Lakini kitochi kikizimwa mlio kinatetemeka, na kule stoo shelfu zote ni za bati. Asubuhi ileile walikijaribu. Kilipotetemeka juu ya shelfu, bati lilipiga kelele hadi wakacheka wakiwa wameshikana mabega. Maimuna akasema, "Ah, nani wa kunipigia?"

Simu ikapiga tena. Hinal akaikata tena. Akaingia ndani ya simu, akaitafuta programu, akaiua. Akahesabu pumzi zake. Ikafufuka. Alivyoiandika ndivyo ilivyofanya, bila kosa hata moja.

"Izime simu!" akapiga kelele Benedikta, ambaye hakujua hata kinachoendelea.

"Nikiizima, bipu ya pili itaingia wapi?"

Hapo ndipo alipokwama. Akiiacha simu hai, inamuua Maimuna. Akiizima, Maimuna akibipu kuomba watu hakuna atakayesikia, na kufuli alilifunga yeye. Na wakati anawaza hayo kidole kimesimama hewani, simu ikapiga mara ya tatu, na safari hii hakuwahi kukata.

Ikapokelewa.

"Shoga?" akanong'ona. "Mai?"

Pumzi za mtu, za haraka. Kitu kikaburutwa sakafuni. Nyundo za mafundi kwa mbali. Kisha simu ikakatwa, na ujumbe ukaingia kumwambia Hinal kwamba salio lake limekwisha, limebaki la kubipu tu.

Akatoka mbio. Viatu aliviacha chini ya kaunta, mmoja umesimama, mmoja umelala.

*

Bajaji aliyoipata ilikuwa ya kijana mwongeaji, lakini alipomwona abiria wake pekupeku na machozi yakimtiririka alinyamaza, akakanyaga mafuta. Walipokata kona ya kuingia Gerezani simu ya Hinal ikaita. Aliitupa mapajani kwa kuogopa.

Ilikuwa imeandikwa Ba'mdogo Bhargav.

Enyi wasomaji, mngepokea? Hinal alipokea. Alitaka kumsikia mwizi anavyopumua.

"We mtoto una akili?" Bhargav akafoka. "Benedikta ananiambia umetoka mbio bila viatu! Wateja wamejaa hapa!"

"Ba'mdogo… uko wapi?"

"Niko wapi? Niko dukani! Ningekuwa wapi?"

Na kweli. Nyuma ya sauti yake Hinal akalisikia spika la jirani wao wa mabegi, lile linaloimba kutwa nzima, "Mzigo mpya, mzigo mpya, njoo uchague." Alikuwa dukani. Hajafika Gerezani wala hakuwa na mbawa za kufika na kurudi.

"Ba'mdogo, sikiliza, Maimuna yuko stoo, kuna mtu…"

"Maimuna gani? Na hao wateja nani anawahudumia? Rudi hapa!"

Akakata. Ndivyo alivyo Bhargav, humalizi sentensi mbele yake.

Sasa Hinal akaogopa woga wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Mwizi unayemjua una pa kumshika. Bhargav angefoka, angeapa, mwishowe angelia, ni ba'mdogo. Lakini kama si yeye, basi ndani ya stoo pamoja na Maimuna kuna mtu gani?

Bajaji ikasimama. Pembeni ya lango la stoo, Clotilda, mama lishe, alikuwa akipakua wali kwa mafundi wa gereji, kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ehee, Hinal! Mbona pekupeku, mwanangu, umefiwa?"

"Mama, nani ameingia humu ndani?"

Clotilda akageuka kutazama lango, akamtazama Hinal. "Humu? Hajaingia mgeni yeyote. Tangu asubuhi niko hapahapa, mgeni ningemwona."

"Una uhakika?"

"Mgeni? Hakuna. Kula kwanza, una njaa wewe."

Hinal akapumua kidogo. Labda hakuna mtu. Labda panya. Labda Maimuna alikikalia kitochi kikabipu chenyewe, akaipokea simu kwa kubabaika gizani. Mtu akiogopa hushika hata unyasi. Akaingia langoni, akakatiza uani kati ya matairi na vyuma chakavu, akafika mlango wa stoo akiwa amekwisha kuuandaa ufunguo.

Kufuli lilikuwa limening'inia wazi. Halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo, na mlango umeegeshwa kwa ndani.

Akabana mdomo wake kwa kiganja asipige ukelele. Kurudi kwa Clotilda kuomba watu? Na huyo wa ndani akisikia kishindo, atamfanya nini Maimuna kabla hawajafika? Kuingia peke yake? Kwa nguvu zipi? Alikuwa na msaada mmoja tu, simu yenye salio la kubipu.

Akafanya alichokizoea. Tangu yuko sekondari ya bweni, kila alipougua, kila alipoonewa, kila alipokosa nauli, Hinal alimbipu mtu mmoja. Na mtu huyo hata awe katikati ya mauzo alimpigia, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile siku zote: "Uko wapi, dikri?" Dikri kwa Kigujarati ni binti. Hakuna aliyemwita hivyo kwa upole ule isipokuwa yeye.

Akambipu Pappa, baba yake.

Simu ya Pappa, mnaijua, haitoi mlio. Lakini ina programu. Haikupita hata pumzi mbili, simu ya Hinal ikatetemeka kiganjani. Inaita, Pappa. Kwa mara ya kwanza siku ile Hinal akaibariki kazi ya mikono yake. Akapokea, akajikunja ukutani, akanong'ona kwa kilio:

"Pappa, njoo Gerezani. Njoo na watu, nakuomba, Maimuna yuko ndani na mtu…"

Akaibana simu sikioni.

"Pappa? Unanisikia?"

Hakusikika mtu. Ilisikika nguo ikisuguana na simu. Hinal akaelewa kwamba Pappa hajui hata kama simu yake imepiga. Iko mfukoni, imejipigia yenyewe. Alale salama baba wa watu kitandani kwake Upanga, nani wa kumwamsha?

Basi la mwendokasi likapita barabarani nyuma ya ua, likapiga honi ndefu.

Hinal akaisikia honi ile kwa sikio la kushoto, lililokuwa wazi. Akaisikia na kwa sikio la kulia, ndani ya simu, honi ileile, ndefu vilevile, ikianza pamoja na kwisha pamoja.

Akaitoa simu sikioni, akaitazama. Pappa. Akairudisha. Nyundo za mafundi huku, nyundo za mafundi kule. Akakaa chini juu ya mchanga wenye oili. Alisema hakulia. Alisema kilio kilikuwa mbali.

Ndani ya simu mtu akasema, sauti imefifia kwa kupita kwenye nguo:

"Baba Hinal, mimi ni mtoto wako pia."

Ni Maimuna.

"Najua," akajibu mwanamume. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza taratibu. Nani alikuwa anakupigia?"

Ile sauti, jamani. Ile iliyomfundisha Hinal kuhesabu kwa kete za bao. Haikuwa na presha wala ugonjwa wowote.

"Mteja," akasema Maimuna. "Mteja wangu wa gauni. Ananidai gauni."

"Mara tatu?"

"Ana harusi."

Katoni ikasogezwa.

"Na nani anajua kwamba uko humu?"

Hinal akafumba macho. Sema, Mai. Sema Hinal anajua, mtaje, ujiokoe, hawezi kukugusa akijua mimi najua.

"Hakuna," akasema Maimuna. "Niko peke yangu, mzee. Nilijifungia mwenyewe."

"Kufuli liko nje, Maimuna."

Katoni nyingine ikasogezwa.

"Mimi sikutaka baba yako apatwe na haya," ile sauti ikaendelea, pole pole. "Wallahi sikutaka, kama mnavyoapa nyie. Yalinishinda. Lakini wewe hukutakiwa kuwa humu. Umenielewa? Nifanye nini sasa na wewe? Lete hiyo simu."

"Mzee, nakuomba."

"Lete."

Kisha kukawa na purukushani fupi, kitu kikaanguka, shelfu ya bati ikalia, na Hinal akasimama. Hakujua anasimama kwenda wapi. Mkono mmoja ulikuwa mlangoni, wa pili umeshika simu sikioni kwa nguvu hadi sikio likauma. Huyu ndani ni baba yake. Yule ndani ni roho yake. Na mahabusu kuna mzee anayelala sakafuni kwa kosa la mtu aliyembusu Hinal kipajini.

Nguo zikasuguana tena ndani ya simu. Sauti zote zikawa ghafla karibu na safi, kama pazia limefunguliwa. Pappa alikuwa ameitoa simu yake mfukoni. Labda atazame saa. Labda ampigie mtu. Hinal hajui mpaka leo.

Pumzi moja.

Alikuwa amekiona kioo. Jina la binti yake, na sekunde za simu zikihesabika.

Hinal angeweza kukata. Alisema kidole chake kilikuwa pale pale juu ya kitufe chekundu, na hakikushuka.

"Hinal?"

Akautoa mkono mlangoni.

"Hinal, ni wewe?" Kisha sauti ikalainika, ikawa ile ya siku zote, ya bweni, ya malaria, ya nauli. "Uko wapi, dikri?"

Akafungua mdomo aseme nyumbani. Aseme dukani. Uongo wowote utakaompa hatua chache za kumfikia Clotilda na mafundi wake.

Na basi lingine la mwendokasi likapita, likapiga honi.

Ilianza pamoja na kwisha pamoja, masikioni mwake yote mawili. Ilipokwisha, ndani ya simu kulikuwa kimya kabisa, kimya cha mtu anayesikiliza.

Kisha Hinal akasikia nyayo, kwa sikio la kulia na kwa sikio la kushoto, zikija mlangoni.